“Mama, mimi ni Elsa”

SWALI: Daktari, asalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Wete. Binti yangu ana miaka 14, yuko Kidato cha Pili. Kaona video kwenye simu inayosema kila binti mfalme wa katuni ana ugonjwa wake wa akili: Elsa ana wasiwasi, Ariel anarundika vitu, Belle kampenda aliyemteka, Rapunzel ana hali mbili. Tangu hapo nikimuuliza ana nini, ananijibu, “Mama, mimi ni Elsa.” Kataka anunuliwe glavu nyeusi, na hazivui ila kwa kula na kutia udhu. Siku ya kusoma mbele ya darasa hujitia mgonjwa. Harusi ya binti ya amu yake hakwenda. Hata madaftari yake siku hizi kurasa zimekunjana kama zilizomwagiwa maji. Babaake anasema sababu ni katuni, anyang'anywe simu. Bibi yake anasema ni shetani, akasomewe. Je, ni kweli hao wa kwenye katuni wanaumwa? Na mwanangu je?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu.

Umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo lililokunyima usingizi. Hata hivyo nitaanzia la kwanza. Mwanao kachagua kusema nawe kwa jina la mtu wa katuni, na ukitaka kumwitikia inafaa umjue huyo mtu ni nani na yamemfika nini.

Elsa ni malkia katika Frozen, filamu ya Disney ya mwaka 2013, ambayo mizizi yake ni hadithi ya Hans Christian Andersen wa Denmark iliyotoka 1844. Kazaliwa na mikono inayogandisha kila inachokigusa. Utotoni, katika kucheza, akamjeruhi mdogo wake kichwani bila ya kukusudia. Wazazi wakaingiwa na hofu. Wakamvalisha glavu, wakafunga milango ya kasri, wakamfundisha kuficha. Mdogo mtu akawa anagonga mlango mwaka baada ya mwaka, mkubwa yuko ndani, hafungui. Na kadiri anavyojificha ndivyo barafu inavyozidi, mpaka chumba chenyewe kinaganda.

Je, ana ugonjwa wa wasiwasi? Mimi nasema hana. Mtu mwenye uwezo wa kugandisha bahari akiogopa kuwagusa wenzake, ana haki ya kuogopa. Tunaita ugonjwa pale hofu inapokuwa kubwa kuliko jambo lenyewe, ikadumu, na ikamzuia mtu kuishi kama wenziwe.

Lakini waliotunga filamu ile wamekionyesha kitu kimoja barabara, kuliko vipeperushi vingi nilivyogawa kwa mkono wangu: glavu ndiyo inayoilea hofu. Mtu huogopa jambo, akalikwepa, akapata nafuu palepale. Nafuu ile ni tamu sana. Ubongo nao unajifunza kuwa kilichomwokoa ni kukimbia. Kwa hivyo safari ya pili hofu inakuja mapema zaidi, kwa jambo dogo zaidi, na kukimbia kunakuwa kwepesi zaidi. Leo hasomi mbele ya darasa, kesho haendi skuli siku ya kusoma, mtondo hatoki chumbani. Wazazi wa Elsa hawakuwa watu wabaya. Walimpunguzia mtoto machungu ya siku moja, wakamzidishia ya miaka.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Umeandika mengi kuhusu katuni, kisha ukapenyeza mstari mmoja kama wa kupitia tu: kurasa zimekunjana kama zilizomwagiwa maji. Mstari ule nimeusoma mara tatu. Hebu chukua daftari moja alilokwisha kulimaliza, ulitazame mchana kwenye mwanga. Ikiwa kurasa zimekunjana zaidi upande wa chini, pale kiganja kinapolala wakati wa kuandika, na wino umetapakaa papo hapo, basi hayo si maji yaliyomwagika. Ni jasho la mkono.

Na likiwa jasho, mambo yako yote yanajipanga yenyewe. Glavu nyeusi. Karatasi ya kusomea mbele ya darasa, inayotota na kutetemeka watu wakiangalia. Halafu harusi! Wewe ni wa Wete, mimi nikueleze nini: mtoto wa kike akiingia kwenye harusi hupita mkeka mzima akitoa mkono, bibi huyu, shangazi yule, anabusu mikono thelathini kabla hajapata pa kukaa. Kwa mtoto mwenye kiganja kilicholowa, kila shikamoo ni mtihani. Huenda yuko mtu mzima mmoja aliyepewa mkono na mwanao, kisha akaufuta kwenye kanga. Kaufuta bila ya nia mbaya, wala hakumbuki. Mtoto kaona.

Sidai kuwa nimemjua binti yako kwa barua moja. Ila angekuwa amekaa hapa mbele yangu, nisingemuuliza Elsa anaumwa nini. Ningemuuliza Elsa anaficha nini mkononi.

Jasho la viganja lina njia zaidi ya moja. Wako watu ambao tezi zao za jasho hufanya kazi kupita kiasi tu, viganjani na nyayoni, hata wakiwa wametulia. Mara nyingi huanza utotoni au wakati wa kubaleghe, na ukidodosa utamkuta mjomba au bibi aliyekuwa hivyohivyo. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kwa kasi nayo huleta jasho, moyo kwenda mbio na mwili kupungua, na hiyo hupimwa kwa damu. Tena iko hofu yenyewe. Mara nyingi mambo haya hushikana: mkono unatoka jasho, mtoto anaona aibu, aibu inaongeza jasho. Ndiyo maana nataka aonwe na daktari wa kawaida kwanza, apimwe, ndipo tuzungumze habari ya akili. Nimeona watoto waliohangaishwa mwaka mzima na tabibu hawa na mafundi wale, na kumbe ni tezi.

Ikiwa hofu ndiyo yenye nguvu, hali hii inajulikana vizuri: ni hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu. Kwa wengi huanza baina ya miaka 8 na 15. Kwa kawaida hatuiti ugonjwa mpaka idumu kiasi cha miezi sita na iwe inamkosesha mtu masomo, ndugu au riziki. Kwetu huchelewa kujulikana, kwa sababu mtoto wa kike akikaa kimya na kuinamisha macho tunamsifu kuwa ana haya. Haya ni kitu kingine. Mwenye haya huinamisha macho, lakini harusini anakwenda.

Neno letu la wasiwasi nalo hutuchanganya, maana tunalibebesha mizigo mingi. Mama anayemngojea mwanawe chombo kimechelewa ana wasiwasi. Binti yako ana wasiwasi. Na yule anayetia udhu mara kumi kwa sala moja, kila akifika miguuni anahisi mkono haukupata maji, anarudi mwanzo, naye tunasema ana wasiwasi. Huyu wa mwisho ana ugonjwa wa aina yake: fikra inayojilazimisha na kitendo anachokirudia ili aitulize. Mama mmoja aliwahi kuniambia kuwa tangi la nyumbani kwake likimalizika kabla ya Isha, na ngozi ya mwanawe ilikuwa imepasuka baina ya vidole. Kwa hivyo uliposema mwanao anazivua glavu akatia udhu kisha akamaliza, nilipumua kidogo. Angekuwa anazivaa kwa kuogopa uchafu, kwenye maji ungemwona. Mchunguze tu, pole pole, bila ya kumsimamia.

Kuhusu hao mabinti wengine, nitakwenda mbio.

Ariel, nguva wa The Little Mermaid (1989), anakusanya vitu vya wanadamu na kuvipanga pangoni. Urundikaji wa kimaradhi, uliopewa nafasi yake wenyewe katika kitabu cha waganga wa akili wa Marekani mwaka 2013, ni ule wa mtu asiyeweza kutupa kitu hata kikiwa taka, mpaka kitanda hakilaliki na jiko halipikiki. Pango la Ariel lina rafu na kila kitu kina pahali pake. Kama yeye anaumwa, basi na bibi zetu wenye makabati ya sahani za maua zisizopakuliwa tangu waolewe tuwalete wote hospitali.

Belle wa Beauty and the Beast (1991) ameandikiwa jina la Stockholm, kutokana na wizi wa benki katika mji huo mwaka 1973 ambapo mateka waliishia kuwatetea waliowateka. Jina ni maarufu, lakini halimo katika orodha ya maradhi ya Marekani wala ya Shirika la Afya Duniani. Na ukitazama vizuri, Belle anagombana na yule dubwana aliyemteka, anamtoroka, na mwisho dubwana ndiye anayemfungulia mlango aende zake.

Kwa Rapunzel nitatua kidogo. Katika Tangled (2010), binti huyu mwenye nywele ndefu anatoka mnarani alikofungiwa baada ya miaka 18, dakika hii anaruka kwa furaha, dakika inayofuata analia kuwa kamkosea mama, kisha tena anacheka. Vijana wakaona hapo, wakasema: hali mbili, bipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Sivyo. Ugonjwa ule hauendi kwa dakika. Kipindi cha kupanda hudumu kiasi cha wiki nzima au zaidi: mtu halali na hachoki, anazungumza bila ya kituo, anagawa mali, anajiona kapewa ujumbe, na kipindi cha kushuka huchukua majuma. Alichokuwa nacho Rapunzel ni moyo uliovutwa huku na huku, kama moyo wa kijana yeyote aliyelelewa na mtu anayemwambia kila siku kuwa nje ni hatari na yeye hajiwezi.

Ila liko tatizo la kweli linaloitwa kwa jina la Rapunzel, limeelezwa na madaktari tangu 1968, na katuni haina habari nalo. Wako watu, wengi wao wasichana, wanaojing'oa nywele wenyewe mpaka kichwa kinakuwa na vipara. Na wachache kati yao huzimeza. Tumbo la mwanadamu haliwezi kusaga nywele. Zinafungamana, zinakuwa donge, na pengine donge linatoa mkia unaoingia mpaka kwenye utumbo. Mtoto anatapika, anakonda, tumbo linauma, na hutolewa kwa kupasuliwa. Nalitaja hapa kwa sababu moja: watoto wetu wanavaa ushungi tangu asubuhi hadi usiku, na mama anaweza kukaa miezi asikione kichwa cha binti yake. Siku utakapomsuka, angalia.

Na hao wanaosema mabinti wanaolala kama yule mrembo wa Sleeping Beauty (1959) wanaumwa: upo ugonjwa adimu wa kulala kwa siku au wiki mfululizo, hadi saa 20 kwa siku, na watu wameupa jina la mrembo huyo. Wengi wanaoupata ni vijana wa kiume. Hilo hunichekesha kila nikilikumbuka.

Sasa nikwambie ni nani katika filamu hizi ambaye mimi humtazama kuliko mabinti wote. Ni mzee Maurice, babaake Belle. Anakimbilia kijijini usiku wa theluji, anawaambia watu kuwa mwanawe kafungwa na dubwana. Wanamcheka, wanamtupa nje. Baadaye Gaston, kijana anayetaka kumwoa Belle, anamhonga mkuu wa nyumba ya wendawazimu aje amchukue mzee kwa nguvu, na sharti la kumwacha ni Belle akubali kuolewa. Mzee alikuwa anasema kweli tupu. Hapo hospitali ya akili si pahali pa tiba, ni fimbo ya kuchapia watu.

Watoto huiona filamu hiyo mara ishirini. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada, Andrea Lawson na Gregory Fouts, walichapisha uchunguzi wao wa katuni 34 za Disney: asilimia 85 zilikuwa na maneno ya kugusia ugonjwa wa akili, na kwa wingi yalitumika kumtenga mtu au kumdharau. Si Marekani tu. Hapa mjini mtoto akimkasirikia mwenziwe humwambia “wewe wa Kidongo Chekundu”, na jina la hospitali ya akili linakuwa tusi. Binti yako analijua tusi hilo. Fikiri angekujia na neno “nina hofu”, jirani akasikia, ukoo mzima ukajua. Kuliko hivyo, kaja na jina la malkia. Mimi naona kafanya busara.

Kwa hivyo usimpinge kwamba yeye si Elsa, wala usimkubalie. Mwombe mwitazame filamu pamoja, wewe na yeye tu, bila ya kaka zake. Ikifika pale anapovishwa glavu, muulize: “Unadhani wazazi wake walikosea wapi?” Kisha nyamaza. Kunyamaza kwa mzazi ni kazi ngumu, najua.

Baada ya hapo ndipo mpande ngazi, na ngazi muipange pamoja, yeye ndiye achague kidato. Aanze kukaa bila ya glavu nusu saa nyumbani, akiwa na wewe. Kisha ampe mkono bibi yake. Kisha aende dukani kununua sukari na pesa aitie mkononi mwa muuzaji, asiiweke juu ya meza. Amsomee mdogo wake ukurasa mzima kwa sauti. Zungumza na mwalimu mmoja unayemwamini, amruhusu asome mistari miwili akiwa amekaa pale pale alipo, kabla ya kumsimamisha mbele. Harusi ijayo aende kwa muda mfupi, na binamu anayempenda. Leso mfukoni haina ubaya mwanzoni, lakini nayo ni glavu ndogo. Siku moja aiwache.

Sharti ni kuwa asikimbie katikati. Hofu ni kama maji ya bamvua: yanajaa mpaka unadhani yataingia nyumbani, halafu yanasimama, halafu yanatoka yenyewe. Anayekimbia maji yakiwa yamejaa hapati kuona kuwa yangepwa. Mtoto akikaa mpaka yakapwa, mara moja, mara tano, mara kumi, mwili unajifunza. Hii ndiyo tiba yenyewe. Sisi hospitali tunachofanya ni kuisimamia na kuipanga vizuri. Kwa jasho peke yake zipo dawa za kupaka zenye alumini kloridi, daktari atakwambia kama zinamfaa.

Babaake mwambie simu asiichukue kwa ghafla. Video ile imechanganya kweli na porojo, lakini ndiyo iliyompa mtoto neno. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, na mwanao yuko hapohapo. Afadhali aseme kwa maneno ya kuazima. Usiku simu ilale chumbani kwenu, hilo namuunga mkono.

Bibi yake usigombane naye. Kusomewa Kurani hakuzuii kwenda hospitali, na Mtume ametuhimiza tutafute dawa. Akitaka kumsomea mjukuu, amsomee yeye mwenyewe, nyumbani, akiwa amemwekea mkono kichwani. Mtoto atafaidika na mkono ule. Nisichokikubali ni mtoto kufungiwa, kufukizwa mpaka akakosa pumzi, kunyimwa chakula, au kuwekwa mbele ya watu kumi wanaomkodolea macho. Mtoto anayeogopa kutazamwa utamtibu vipi kwa kumtazamisha?

Nenda hospitali hapo hapo Wete, umwone daktari, umwambie habari ya jasho, na uulize muuguzi wa afya ya akili. Usingoje miezi sita itimie ndiyo uende, hicho ni kipimo chetu sisi cha kuandika. Na uende siku hiyo hiyo ukiona haya: hali chakula wala halali usingizi; ana huzuni au hana hamu na chochote karibu kila siku kwa wiki mbili; anasikia sauti ambazo nyinyi hamzisikii; ana alama za kujikata; au anasema heri asingekuwepo. Akilisema hilo la mwisho, hata kwa mzaha, hata kwa jina la Elsa, usimwache peke yake.

Kesho alfajiri, akitoka kusali kabla hajavaa glavu zake, atakuja kukuamkia. Upokee mkono wake, ukae nao kidogo. Ukikulowesha, usiufute wako.